Bustani ya Mama Kitalu

Jumapili, Machi 2

Leo ni wiki ya tatu ya ndoa yangu na siku ya tisa katika nyumba hii. Nimenunua daftari kwa sababu furaha ikiwa nyingi na mtu hana wa kumsimulia, lazima aimwage mahali.

Mume wangu. Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilitazame vizuri.

Mume wangu ni mkaguzi wa nyama. Nyumba tumepewa na kazi: vyumba viwili, jiko, na dirisha linalotazama ukuta wa machinjio. Kila alfajiri anavaa buti nyeupe za mpira na koti jeupe, anakwenda kupasua maini na kupapasa mapafu, na nyama inayomridhisha anaipiga muhuri wa zambarau. Wino umemwingia kwenye kidole gumba na hautoki hata kwa sabuni ya unga. Watu wamempa jina la Muhuri. Mimi basi ni mke wa Muhuri, na sijawahi kupewa cheo kitamu kama hicho.

Nimemwekea sheria moja tu: mezani hatutaji machinjio. Juzi alianza, "Leo maini manne yana minyoo. Unajua minyoo ya ini inaanzia wapi?" Nikamziba mdomo kwa kiganja. Akakibusu kiganja, akanyamaza. Nadhani ndoa ndiyo hiyo, mtu mzima na elimu yake kukunyamazia kwa mapenzi.

Naye ana sheria yake. Mke wa mkaguzi aliyemtangulia alikaa humu bila mtu wa kuongea naye, mwisho akawa anawasimulia kuku mambo ya chumbani. "Nikiona umebaki mpweke," ameniambia, "nakupeleka kwa mama mpaka uhamisho wangu utoke. Ni mwaka mmoja tu." Anasema mwaka mmoja kama anayesema kikombe kimoja. Nimemjibu kwamba mimi hata kwenye foleni ya benki huwa natoka na rafiki.

Jumanne, Machi 4

Mvua ya kwanza. Nimekwenda bombani na ndoo. Wanawake watano, maongezi yamenoga, nilipofika yakazimika kama redio iliyoishiwa betri. Nikasema habari za asubuhi. Mmoja akajibu "nzuri" akiitazama ndoo yangu. Sikujua kama ndoo moja inachukua muda mrefu hivyo kujaa.

Ijumaa, Machi 7

Sababu nimeipata sokoni. Niliposhika nyanya, muuzaji akaniambia zina mwenyewe.

"Zote?"

"Zote."

Wa meza ya pili akasema, bila kuinua kichwa, "Mwambie Muhuri azikague kwanza. Huenda zina ini." Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Kumbe wiki hii mume wangu amekataa na kutupa maini saba ya Bwana Mnofu. Bwana Mnofu ana bucha tatu, na nusu ya mtaa huu inamtegemea, wengine kwa kazi, wengine kwa udugu. Ini ndiyo nyama inayokwisha mapema kuliko zote. Ukimtupia ini mtu, umemtupia wateja.

Jioni mume wangu akauliza, "Leo umeongea na nani?"

"Na watu wa sokoni," nikasema. Haukuwa uongo. Waliongea.

Jumanne, Machi 11

Nimezunguka nyuma ya nyumba, nikafuata njia ya ng'ombe mpaka bondeni. Ng'ombe wanaosubiri zamu yao hulishwa na kunyweshwa huko. Mvua imelijaza bonde, linameta. Na pembeni mwa maji, Mungu ana huruma, nikayaona majani yale ya utoto wangu: madogo, ya mviringo, yenye ukali kidogo ulimini. Shangazi aliyenilea aliyachuma kwenye chemchemi juu kabisa mlimani, tukayala mabichi kwa limau na chumvi. Nilichuma fungu zima. Niliyaosha mara mbili, nikayapanga mezani kama maua.

Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu. Halafu akauliza, "Haya umeyapata wapi?"

Ningesema bondeni, angejua kwamba nashinda nikizurura peke yangu na ng'ombe. Na kutoka ng'ombe mpaka kuku si mbali.

"Kuna mama mmoja," nikasema. "Nimepata rafiki. Ana bustani nyuma ya nyumba yake. Wanamwita Mama Kitalu."

"Anaimwagilia maji gani?"

"Ya bomba." Nilijibu upesi, kama mwanafunzi aliyekariri.

Uso wake ulilegea kwa furaha mpaka nikaona aibu kuutazama. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu utampata mtu."

Jumatano, Machi 12

Mvua.

Jumamosi, Machi 15

Ameleta nusu kilo ya nyama laini ya mgongoni, imefungwa peke yake. "Ya kwetu ni ile. Hii mpelekee Mama Kitalu, umwambie mkwewe anashukuru kwa majani."

Nilitoka nayo. Nilisimama nyuma ya nyumba chini ya ukingo wa bati, mvua ikinilowesha miguu, kwa muda ambao mgeni wa heshima hukaa. Nikarudi nikamwambia amefurahi sana.

Jumatatu, Machi 17

Nyama ile, niliyoificha kwa chumvi, nimeipika mchana na kuila peke yangu. Nyama ya rafiki yangu ilikuwa laini mno. Sikujua kama nacheka au nalia, hivyo nikaosha sufuria.

Jumapili, Machi 23

Mama Kitalu anaendelea kukua. Sasa ni mjane, goti la kushoto linamuuma mvua ikikaribia, na hawezi kutaja jina la mtu bila kumwongezea "masikini". Mume wangu anampenda. Tukila majani anasema, "Leo mama mkwe wa pili anasemaje?" nami namtungia maneno, naye anacheka mpaka machozi, na mimi namtazama meno yake meupe nikifikiri hakuna mwanamke duniani aliyeolewa vizuri kuliko mimi. Majani yanaliwa mara nne kwa wiki. Sahani yake naijaza zaidi. Mimi natosheka kumwona akila.

Jumatano, Machi 26

Mvua. Bombani hakuna aliyenitazama.

Alhamisi, Aprili 3

Mama mkwe amepiga simu. Ameniuliza hali, kisha akasema, "Na huyo Mama Kitalu msalimie. Mwanangu hamalizi simu bila kumtaja." Nimesema salamu zimefika.

Jumanne, Aprili 8

Leo nimeona kitu na sijui nikiweke wapi.

Kila siku mume wangu hunisimulia kwamba mchana anakula na wachinjaji, wanataniana, wamemzoea. Leo nilikuwa naanika nguo dirishani, lango la machinjio likawa wazi. Wachinjaji walikaa duara chini ya paa. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ua, ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, anakula chakula nilichomfungia, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyeadhibiwa. Hakuna aliyekuwa naye hata kwa hatua kumi.

Jioni nikamuuliza, "Wachinjaji hawajambo?"

"Hawajambo. Leo wamenichekesha sana."

Nikamjazia sahani.

Jumamosi, Aprili 12

Nyama ya Mama Kitalu. Mvua.

Jumanne, Aprili 22

Amerudi mapema, ana homa. Ameacha chakula nusu, isipokuwa majani. Nimemkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Hata akiumwa ni mzuri.

Ijumaa, Aprili 25

Zahanati imesema malaria. Vidonge siku tatu.

Jumatano, Aprili 30

Vidonge vimekwisha, homa haijakwisha. Jioni inapanda, asubuhi shuka limelowa. Ameanza kujikuna mikono.

Jumanne, Mei 6

Maumivu yamehamia chini ya mbavu za kulia. Akikohoa anapashika. Zahanati sasa wanasema vidonda vya tumbo. Mganga wa zahanati, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, amemwambia ale mboga za majani kwa wingi. Nimefurahi kupata la kufanya. Nimekwenda bondeni kwenye mvua, maji yamenifika magotini, nikachuma mara mbili ya kawaida.

Jumamosi, Mei 10

Mkanda umehama matundu mawili.

Jumatano, Mei 14

Leo alishindwa kwenda kazini. Akaniambia, "Mwite Mama Kitalu aje akae nawe kidogo. Usikae peke yako na mgonjwa."

Nikasema goti limemzidi.

"Basi nitaamka mimi nikamwone."

"Ukipona," nikasema. Nilitoka nje nikasimama chini ya bati mahali pale pale ninaposimama Jumamosi.

Jumanne, Mei 20

Hospitali kubwa, saa tatu za basi. Wamempa kitanda karibu na dirisha. Daktari ni mwanamke mfupi anayeongea akiwa ameshaanza kuondoka, lakini kwetu alisimama. Alikuwa na karatasi ya damu na picha ya ini.

"Kwenye ini kuna madoa," akasema. "Na kuna chembe za damu ambazo hupanda mtu akiwa na minyoo. Zako zimepanda kupita kiasi. Choo hakina mayai ya mnyoo wowote. Wewe unafanya kazi na ng'ombe. Unakula majani mabichi yanayoota kwenye maji? Mtoni, kwenye kinamasi?"

Mume wangu akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Daktari, unaniuliza minyoo ya ini. Hiyo naijua kuliko ninavyowajua wakwe zangu. Mnyama anaitoa kwenye majani ya majini, na mtu vilevile. Sisi majani mabichi tunakula, lakini ni ya bustani, yanamwagiliwa maji ya bomba. Muulize mke wangu."

Daktari akanigeukia. Mume wangu naye akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa imani.

"Ya bomba," nikasema.

Daktari akaandika.

Mei 20, baadaye

Nimekaa kwenye ngazi za hospitali. Nikisema, atajua kwamba zaidi ya miezi miwili nimemdanganya kila siku akila, na nitapelekwa kwa mama yake. Nisiposema, pengine daktari atagundua mwenyewe. Madaktari wamesoma.

Ijumaa, Mei 23

Hajagundua. Amesema madoa yanaweza kuwa majipu, yanaweza kuwa uvimbe mbaya. Jumatatu watampasua waangalie na wakate kipande. Mume wangu alisikiliza kama anayesikiliza habari za mtu mwingine, halafu akaniomba kitana, akachana nywele.

Mtu anayepasua maini kila siku.

Jumapili, Mei 25

Nimesema. Naandika yote kama yalivyokuwa, hata yale yasiyonipamba.

Asubuhi niliingia na uji. Alikuwa ameketi, amesogea ukutani ili nipate pa kukaa kitandani. Akaniambia, "Kesho wakiniingiza ndani, sitaki usubiri peke yako. Mpigie Mama Kitalu. Mwambie nimemwomba mimi."

Niliweka uji chini. "Mama Kitalu hayupo."

"Amekufa?" Alishika mkono wangu kunifariji. Nitaukumbuka mkono ule mpaka naingia kaburini.

"Hajazaliwa," nikasema. "Hakuna mtu anayeitwa hivyo. Nilimtunga."

"Na goti?"

"Nililitunga."

"Na nyama?"

"Nilikula mimi. Mchana. Jumatatu."

Angecheka, labda. Siku nyingine yoyote angecheka. Lakini yeye ni mkaguzi, na nilimwona akilifikia jambo lenyewe hatua kwa hatua, kama anavyofungua ini kwa kisu, taratibu asilichane. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Majani uliyatoa wapi?"

"Bondeni. Wanapokunywa ng'ombe."

Alifumba macho. Dirishani mvua ilikuwa imekatika na watu wanapita uani wanacheka kwa sababu zao. Alipoongea aliongea kama anayefundisha, bila hasira, na hilo ndilo liliniua.

"Ng'ombe ana minyoo ndani ya ini. Mayai yanatoka na kinyesi. Mvua inayapeleka majini. Yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono mdogo, yanakua humo, yanatoka, yanajibandika kwenye jani. Ukiosha hayatoki. Ng'ombe anakula jani. Hapo ndipo mzunguko unafungwa. Nilitaka kukusimulia siku ile ya kwanza, ukaniziba mdomo."

"Kwa shangazi tulikula miaka yote."

"Kwa shangazi kulikuwa na ng'ombe juu ya chemchemi?"

Hakukuwa. Juu ya chemchemi ile kulikuwa na mawe na mawingu.

"Na maini ya Mnofu ninayotupa," akasema, "hata mtu angeyala yameiva yasingempa minyoo. Nayatupa kwa sababu ni mabovu. Mtaa mzima umeninunia kwa ajili ya maini, na hatari ilikuwa kwenye sahani yetu, na limau juu yake."

"Ulijua wamenuna?"

"Najua wananinunia mimi. Wewe ulikuwa na rafiki."

Nikamwambia nilimwona juu ya kreti. Tulikaa pale, watu wawili ambao kila jioni walikuwa wakipeana habari za watu wasiokuwepo.

Halafu akasema, "Mwite daktari." Nilikimbia. Daktari alinisikiliza hadi mwisho bila kusogeza mguu. Hakunikemea. Aliandika, akaniuliza kama nami nilikula, nikasema ndiyo, kidogo, akaniandika na mimi. "Choo hakikuonyesha mayai kwa sababu minyoo bado michanga," akasema. "Kesho sitampasua."

Niliporudi kitandani mume wangu alikuwa ameugeukia ukuta.

Jumatano, Mei 28

Dawa haipo hapa. Wameiagiza mji mwingine. Anaongea na muuguzi, na mgonjwa wa kitanda cha pili, na mfagiaji. Mimi ananiambia asante.

Jumamosi, Mei 31

Dawa imefika. Amemeza, nami nimemeza baada ya chakula, tukiwa tumeketi bega kwa bega kama siku ya harusi, picha inapigwa. Daktari alituonya kwamba minyoo ikifa maumivu yanaweza kuongezeka siku chache. Yameongezeka. Alinishika kiganja akakikamua mpaka mifupa ikagongana, na nilishukuru.

Alhamisi, Juni 5

Nyumbani. Homa imekwenda. Amekula nusu sahani. Nyumba ni kimya kiasi kwamba nasikia koti lake likikauka.

Jioni akasema, "Jumatano ijayo utakwenda kwa mama. Basi la saa mbili."

"Ni adhabu?"

"Si adhabu. Ulikuwa mpweke mpaka ukaumba mtu. Nami niliapa sitakufanyia hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba upweke wa hapa una yeye ndani yake, na wa kule hautakuwa na kitu. Sikuwa na haki ya kusema maneno mazuri. Maneno yangu mazuri ndiyo yaliyomlaza hospitali. Nimetoa begi chini ya kitanda.

Jumapili, Juni 8

Mvua zimekwisha. Amenitaka nimwonyeshe mahali, aandike ripoti. Tulikwenda polepole, anapumzika kila hatua ishirini, ameegemea fimbo. Amekonda, na shati linampepea, na bado nikimwona kwa nyuma moyo wangu unafanya ujinga wake.

Pembeni mwa maji aliinama akageuza jani kwa kijiti. Akanionyesha konokono mdogo kuliko punje ya mahindi. "Ndiye huyu," akasema.

Mimi nilikuwa natazama mahali pengine. Mimi huchuma kwa kuvunja kwa kidole. Hatua chache kutoka pale majani yalikuwa yamekatwa kwa kisu, vizuri, mashina yote sawa, na utomvu bado mbichi.

"Hayo sikuchuma mimi," nikasema.

Alitazama. Akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili ya hospitali. "Una hakika?"

"Nina hakika. Kuna mtu anakula."

Tukasimama. Akasema yeye hawezi kuzunguka mtaa mzima, miguu haina nguvu, na hata ingekuwa nayo, nani atamfungulia Muhuri? Atabandika tangazo machinjioni.

"Hawatalisoma," nikasema. "Nitakwenda mimi."

Jumatatu, Juni 9

Nyumba thelathini na moja. Nimezihesabu kwa sababu kila mlango ulinitoa jasho. Kila mahali ilinibidi niseme yote, maana mtu hawezi kuambiwa aache majani bila kuambiwa sababu: nilichuma bondeni, nikamlisha mume wangu, karibu nimuue. Nyumba ya tatu walicheka. "Kumbe Muhuri kaliwa na minyoo yake." Nikasema ndiyo, na mpishi ni mimi. Wakacheka zaidi, lakini wakanipa kigoda. Yule wa nyanya alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema, "Pole, mdogo wangu," akaenda zake ndani kana kwamba hakusema. Hakuna aliyekuwa akichuma.

Nyumba ya mwisho niliiacha iwe ya mwisho kwa makusudi. Nilipiga hodi, akafungua Bwana Mnofu mwenyewe, mpana kama mlango.

"Muhuri kakutuma?"

"Nimejituma. Natafuta anayechuma majani bondeni."

"Hapa tunakula nyama. Ile mumeo anayotuachia." Akaanza kufunga.

Ndani sauti ya kizee ikauliza, "Nani huyo unambwekea?"

"Mke wa Muhuri, mama."

"Kaja kukagua nini? Mimi umri wa kuchinjwa umenipita."

"Shikamoo, bibi," nikasema juu ya bega la mwanawe. "Natafuta mtu anayekata majani kwa kisu kule kwenye maji."

Sauti ile ikajibu, "Ni mimi. Kwani yana mwenyewe?"

Bwana Mnofu aligeuka. "Mama, unakwenda bondeni? Na mguu huo?"

"Ukienda kazini nani ananizuia? Kuta?"

Nilipita chini ya mkono wake, sijui ujasiri niliutoa wapi. Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya majani mapajani, chumvi pembeni. Mkono wa kushoto unakula, wa kulia umeshika mbavu. Nilimuuliza pale panauma tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka jana, wamempa dawa za vidonda vya tumbo mpaka nyumba inanuka duka la dawa.

Nikapiga magoti nikamsimulia. Ng'ombe, maji, konokono, jani. Bwana Mnofu alisikiliza amesimama, halafu ameegemea ukuta, halafu amekaa chini kabisa.

"Kwa hiyo ini," akasema.

"Ini ni onyo tu. Ugonjwa uko bondeni."

"Na sisi tunapeleka ng'ombe kunywa huko huko." Alijipangusa uso. Akasema hospitali atampeleka Alhamisi, kisha akakumbuka Alhamisi ana ng'ombe wanane wa kuchinja, akaanza kutafuta siku nyingine, na ningeweza kumwachia aitafute.

"Nitampeleka mimi," nikasema.

Bibi akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Huyu? Atanipoteza njiani."

Nimerudi nyumbani na kumwambia mume wangu. "Jumatano siwezi kusafiri. Alhamisi nina mtu wa kumpeleka hospitali."

"Nani?"

"Mama yake Mnofu."

Nilijua anachotaka kuuliza, na alikuwa na haki.

"Yupo?" akasema.

"Yupo. Ana meno manne na amenitukana mara mbili."

Alishika ubavu, nikadhani maumivu yamerudi. Alikuwa anacheka.

Jumatano, Juni 11

Basi la saa mbili limepita. Nimelisikia nikifua makoti. Begi bado limejaa.

Alhamisi, Juni 12

Benchi la maabara. Bibi amechukuliwa damu na choo, ametukana sindano, ametukana bei ya chai, amemuuliza daktari kama ameolewa na kama hajaolewa ni kwa nini. Kwenye basi alinikalia nguo safari nzima na kusema mwembamba kama mimi hastahili kiti kizima. Nimeulizwa jina la mama yangu, kwa nini sijashika mimba, na kama ni kweli Muhuri hulala na wino kidoleni. Nimejibu yote. Mume wangu ametupigia simu mara mbili, na mara zote mbili ameomba kuongea na yeye. Bibi akamwambia, "Nipo, nipo, nitakufa siku nyingine," akanirudishia simu.

Tunasubiri majibu. Sasa amelala, kichwa begani kwangu, mdomo wazi, naandika kwa mkono mmoja. Anakoroma. Ananuka dawa ya kuchua na chumvi. Bega limekufa ganzi na siwezi kusogea. Mama Kitalu hakuwahi kuwa mzito hivi.